Nataka kukopa hela ya mashine ya karatasi, shangazi anasema nachezea takataka

Shikamoo anti, pole na kazi. Naomba usinitaje jina maana shangazi yangu anasoma safu yako.

Mi nina miaka 28, naishi Tanga, Makorora, kwa shangazi. Nilisomea sanaa, zaidi kuchapa kwa lino na mbao, yaani unachonga picha kwenye bamba la linoliamu au ubao, unapaka wino, unachapa, nikarudi nyumbani na saa hizi nauza duka la steshenari, yaani kutwa nahesabu rimu za watu na kupiga fotokopi. Mwaka jana nikaona vidio ya mtu anachota karatasi kwa fremu kwenye beseni, inatoka nzima imelala pale inachuruzika maji, na tangu siku hiyo sina raha. Nikakusanya magazeti ya zamani dukani na trei za mayai, nikaloweka, nikasaga kwa blenda, fundi seremala akaniundia fremu mbili, moja nikaipigilia wavu wa dirishani, nikachota, nikaanika juani. Zikatoka anti! Nene, mbovu, lakini zangu.

Sasa matatizo. Nikichapa lino juu yake wino unatambaa, mistari inavimba. Ukikunja inakatika. Zile nilizobandika karibu na dirisha zimeshapiga njano. Kaka mmoja hapa dukani akasema changanya gundi ya mbao kwenye rojo, nikachanganya, zikawa ngumu kweli ila zinang'aa vibaya na zinaganda kwenye kitambaa hazitoki. Alafu blenda ikaungua, na ilikuwa ya shangazi. Alafu nikasahau ndoo ya rojo nyuma ya nyumba wakati wa joto kali, majirani wakajua kuna panya kafa. Alafu sinki likaziba. Shangazi kasema sasa basi, mtoto kasomeshwa anarudi kuchezea takataka uani, na kusema ukweli simlaumu sana.

Ninachouliza ni hiki. Kuna fundi wa kuchomelea anasema nikimwonyesha picha anaweza kuniundia ile mashine ya kupondea rojo, yenye ngoma ya visu na mota, kwa milioni tatu na nusu. Kikoba chetu wako tayari kunikopesha. Pia kuna kozi ya onlaini ya huko Marekani, dola mia nne, unapewa mpaka cheti. Nianze na kipi? Au niache tu? Watalii wachache wanaopita wanaulizia kadi zenye picha ya tembo, nikiuza napata hela ya vocha, ila mi sitaki kuwa mtu wa kadi, nataka karatasi yenyewe iwe ndo kazi ya sanaa, sijui kama naeleweka.

Mpenda Karatasi, Tanga

---

Marahaba mwanangu. Unaeleweka vizuri sana.

Mkopo usichukue, na ile kozi nayo iache ikae kwanza. Natanguliza hayo mawili kwa sababu vikao vya vikoba navijua, usije ukasoma nusu ya jibu langu ukaenda kusaini. Siyo kwamba mashine ni mbaya wala kwamba hao wa kozi ni matapeli, hapana, ni kwamba ugonjwa wa karatasi zako haupo huko. Upo kwenye kitu ulichotia kwenye beseni. Gazeti ukilipitisha kwenye mashine ya milioni tatu na nusu linatoka gazeti.

Ngoja nieleze maana mengine yote yanaanzia hapa. Karatasi ya gazeti kwa kawaida inatokana na mti uliosagwa kwa mashine tu bila kupikwa na dawa, kwahiyo ile lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu ukasimama, inabaki humo humo, na lignini ikipigwa na mwanga inageuka njano, hakuna ujanja wa kuizuia. Juu ya hapo nyuzi za gazeti ni fupi toka kiwandani, na wewe ukaja kuzikatakata tena kwa blenda, ndo maana ukikunja inakatika, pale kwenye mkunjo hamna kitu kirefu cha kushikilia. Trei za mayai ndo usiseme, hilo ni gazeti ambalo lilishamaliza kuwa gazeti.

Na huyo kaka wa gundi mwambie asante lakini basi. Karatasi haishikiliwi na gundi. Uzi wa mmea ni selulosi, ukiupika ukalainika alafu ukauponda ukiwa umelowa unachanuka, ncha na ubavuni, kama mswaki wa mti uliotafunwa vizuri, na zile nyuzi zilizochanuka zikilala pamoja maji yakatoka na zikakauka zinashikana zenyewe kwa zenyewe, selulosi kwa selulosi. Basi. Kwahiyo kukata na kuponda ni vitu viwili tofauti kabisa. Blenda inakata. Mchi unaponda. Hiyo mashine unayoitamani, ambayo Waholanzi waliibuni karne ya 17, faida yake yote ni kwamba inaponda kwingi kwa muda mfupi. Haikuchagulii malighafi, haikwambii umepika vya kutosha au bado, haijui rojo limefika lini. Hayo ni ya mkono na macho, na mkono wako kusema ukweli bado haujakutana na uzi wa mmea hata mmoja, umekutana na karatasi za watu zilizokufa.

Kuhusu takataka, shangazi ana hoja ila historia iko upande wako. Ofisa wa ikulu ya China anayetajwa kwamba ndiye aliyeipeleka karatasi mbele ya mfalme mwaka 105, Cai Lun, inasemekana alitumia magome ya miti, katani, matambara na nyavu chakavu za kuvulia samaki. Takataka tupu. (Nyavu za siku hizi ni nailoni, tafadhali usiende Deep Sea kwa wavuvi kuokota nyavu ukazichemsha, hazitakuwa karatasi mpaka kiama.)

Sasa wewe unaishi wapi? Tanga, mwanangu! Umezungukwa na mkonge alafu unasaga trei za mayai. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikitokea Florida, na mpaka leo mashamba yapo na korona, zile mashine za kuchakata majani ya mkonge yatoke nyuzi, zinafanya kazi. Kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na nyama, na katika hizo nyuzi kuna zile fupi fupi zinazobaki kwenye uchakataji ambazo hazifai kamba. Kwa karatasi hizo hizo zinafaa sana, na siyo kitu cha kukopea. Nenda na kiroba, msalimie msimamizi kwa adabu, mweleze wewe ni msanii, uone atasemaje.

Ila usianze na mkonge. Anza na mgomba. Mkonge ni mkaidi, unataka kupikwa sana na kupondwa sana, na mtu wa mara ya kwanza anakata tamaa anarudi kwenye gazeti. Mgomba una huruma zaidi. Tena ule mmea wa Ufilipino unaoitwa abaka, ambao nyuzi zake zinatengenezewa vile vikaratasi vya majani ya chai na ambao watu wa studio za karatasi duniani wanaupenda kupita kiasi, ni ndugu wa damu wa mgomba. Mgomba wenyewe hapa unakatwa na kutupwa kila mkungu ukivunwa, na hakuna anayekuuliza. Shina bichi zaidi ya asilimia 90 ni maji kwahiyo usishangae ukibeba mzigo wa kuvunja mgongo ukabaki na nyuzi za kujaza mfuko mmoja. Chambua yale maganda moja moja, lilaze kwenye ubao, kwangua nyama kwa kisu butu mpaka zibaki nyuzi, anika.

Zikikauka unazikata vipande vya urefu wa sentimita mbili hivi, unaloweka usiku kucha, kesho yake unapika. Kwa nusu kilo ya nyuzi kavu unatia gramu 100 za soda ash, yaani sehemu moja kwa tano, na maji ya kufunika vizuri, lita nane mpaka kumi. Soda ash utaipata maduka ya kemikali za sabuni na batiki. Magadi ya jikoni ni ndugu yake na yanafanya kazi kiasi, ila yana uchafu na nguvu yake haitabiriki, leo yamelainisha kesho hayajalainisha, na mtu anayejifunza hataki vitu vya hivyo. Chemsha masaa mawili mpaka matatu. Unajuaje umeiva? Toa uzi mmoja, suuza, uvute taratibu kwa vidole viwili viwili: ukiachana bila ubishi umeiva, ukikukatalia rudisha moto. Mkonge utakapofika zamu yake uhesabu masaa manne, matano na zaidi. Wengine wanatumia kostiki soda kuuharakisha. Hiyo mi sitaki uiguse ukiwa peke yako, nenda kwanza kwa akina mama wanaotengeneza sabuni wakuonyeshe, glavu, miwani, na kwamba unamimina soda kwenye maji na siyo maji kwenye soda.

Na hapa nisikilize vizuri: usipikie kwenye sufuria ya shangazi. Nasema hivyo siyo kwa ajili ya ugomvi tu. Sufuria zetu nyingi ni alumini, na alumini na soda haviivi chungu kimoja, soda ya kiwango hicho inaila sufuria, inatoa gesi, rojo linaingia uchafu wa kijivu. Tafuta ya stenlesi au ile ya bati lenye rangi ya kauri ambayo haijabanduka, na ikishaingia kwenye kazi hii hairudi kwenye chakula tena. Pikia nje.

Ukimaliza kupika suuza. Alafu suuza tena. Weka kwenye wavu au mfuko wa kitambaa, pitisha maji, kamua, pitisha maji, mpaka yatoke meupe na yasiteleze mkononi. Wanaoharakisha hapa wanaachia soda ndani ya karatasi, na baada ya muda kazi inaharibika ukiwa umeshaiuza. Maji ya kwanza yenye soda yasiende kwenye mboga za jirani.

Alafu kuponda, na hapa ndo mashine yako ya milioni tatu na nusu ilipo, uani: kinu na mchi. Siyo kile cha kisamvu! Nunua kingine, hata kilichopasuka kidogo mdomoni. Ponda zikiwa zimelowa, kidogo kidogo, na uhesabu ni kazi ya masaa siyo dakika. Ukitaka kujua umefika chukua chupa ya glasi, weka maji, dondosha rojo la kubana vidole viwili, tikisa, inua kwenye mwanga. Ukiona wingu limetanda sawasawa umefika. Ukiona mabonge mabonge na kamba kamba, mwanangu, rudi kwenye kinu. Na hapa ndo sanaa inapoanza kwa sababu hakuna kufika kumoja: rojo lililopondwa kidogo linatoa karatasi laini, inayonyonya, yenye nyuzi zinazoonekana, lililopondwa sana linachukua muda kuchuja maji, linasinyaa likikauka, na karatasi inakuwa ngumu, inapitisha mwanga, ukiitikisa inapiga kelele. Mmea ule ule, beseni lile lile. Huyo fundi wa kuchomelea hawezi kukuuzia hiyo tofauti, na wewe usiposimama hapo kwenye kinu ukaiona ikitokea hutajua hata cha kumwagiza.

Nyuzi ndefu za kupondwa kwa mkono zina tabia ya kushikana mabonge kwenye beseni. Wajapani wanatumia ute wa mizizi ya mmea fulani ambao ni jamaa wa karibu wa bamia, na wewe bamia unazo. Katakata, loweka, chuja ule ute kwa kitambaa, changanya kidogo kwenye maji. Siyo gundi hiyo, haishikishi chochote, inachofanya ni kuyafanya maji yawe mazito ili nyuzi zielee kila moja na lake na zisizame haraka. Tatizo letu ni joto. Wajapani kazi hii kwa jadi waliifanya majira ya baridi, sababu mojawapo ikiwa kwamba kwenye baridi ute haupotezi nguvu na nyuzi hazichachi. Sisi huku pwani ute wa asubuhi jioni umeshakuwa maji tu, kwahiyo tengeneza wa siku hiyo hiyo, chota karatasi alfajiri, na rojo lililobaki usiliache ndooni hata siku moja, likamue liwe matonge, yaanike yakauke kabisa, siku nyingine unaloweka na kuponda kidogo. Hapo umemaliza kesi ya panya. Na kesi ya sinki: rojo haliingii kwenye sinki, kamwe, hata lile jembamba la mwisho, unachuja kwa kitambaa kwanza ndo unamwaga maji.

Kwa kuchota nakushauri usifanye kama kwenye vidio, ile ya kugeuza shiti, yaani karatasi moja mbichi, juu ya blanketi na kurundika na kukandamiza kwa jeki. Ni nzuri, utafika huko, ila inataka blanketi na jeki na mbao na nafasi, na we huna nafasi. Fanya kama wanavyofanya vijiji vya Nepal kwa karatasi yao ya lokta: fremu yenye wavu inaelea kwenye maji, unamimina rojo ulilopima kwa kikombe ndani ya fremu, unalisambaza kwa vidole, unainua usawa, maji yanachuruzika, alafu fremu nzima unaiegesha juani mpaka karatasi ikauke hapo hapo ndo unaibandua. Hasara yake ni kwamba kila shiti inakula fremu moja, kwahiyo fundi seremala akuundie nyingine kadhaa za bei ya mbao chakavu. Karatasi yake haibani sana kama iliyokandamizwa na jeki, lakini kwa mgomba na mkonge inatosha kabisa.

Wino. Nahisi unatumia wa maji, ule wa makopo ya shuleni. Jaribu wa mafuta kwanza, kwa lino karatasi isiyo na kitu chochote inaupokea vizuri tu, tatizo lako linaweza kuishia hapo. Ukitaka wa maji au rangi za maji basi shiti ikishakauka unaichovya kwenye jelatini ya uvuguvugu, gramu 20 mpaka 30 kwa lita, unaianika tena. Uulizie ya ng'ombe na iwe halali maana nyingine ni ya nguruwe na hapo kwa shangazi itakuwa kesi mpya. Uji wa wanga wa muhogo nao unaziba lakini mende wanaupenda kuliko wewe.

Sasa lile ulilouliza mwishoni, kwamba unataka karatasi yenyewe ndo iwe kazi. Swali hilo ndo zuri kuliko yote na hujalijibu mwenyewe. Unatengeneza karatasi ili uchape lino juu yake, au unatengeneza karatasi ambayo ukiitundika ukutani imemaliza? Ni njia mbili. Ya kwanza inataka shiti zinazofanana, laini, tulivu, ambazo zinakaa nyuma zikiuacha mchoro uongee. Ya pili rojo lenyewe ndo rangi na ndo mchoro. Mwaka 1978 David Hockney, mchoraji wa Uingereza, alikaa kwenye studio ya mchapishaji Ken Tyler huko jimbo la New York akamimina marojo ya rangi kwenye vikatio vya bati, akatoa mabwawa ya kuogelea makubwa ambayo rangi yake haikupakwa juu ya karatasi, imo ndani yake. Robert Rauschenberg wa Marekani miaka mitano kabla alikwenda kwenye kinu cha zamani cha karatasi huko Ambert, Ufaransa, akafanya kazi na watu wa pale. Uangalie walichofanya hao wawili na uwezo wao wote wa kifedha: hawakununua mashine. Walikwenda penye mashine na penye watu wanaoijua, wakiwa wameshajua wanataka nini.

Na wewe una pa kwenda bila pasipoti. Iringa kuna Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana dayosisi ya Ruaha kinachoajiri watu wenye ulemavu, kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Usicheke. Tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, kwahiyo anachoacha ni nyuzi zilizokwisha kutafunwa na kulainishwa, wewe unaosha na kuchemsha tu. Waandikie, uliza kama unaweza kufika kuangalia, nauli ya basi na siku chache za kulala huko haifiki hata robo ya huo mkopo. Na ukiwa Dar pitia Nafasi Art Space pale Mikocheni, siyo kwamba nakutuma ukajifunze karatasi, nakutuma ukakutane na wachapaji na wachoraji wenzako, maana mtu anayetengeneza karatasi peke yake Makorora bila mtu wa kumwambia hii mbaya hii nzuri atachoka.

Kadi za tembo uza. Sioni aibu yoyote hapo, msanii anakula. Ila zitengenezee siku yake na rojo lake, mabaki na shiti zilizopasuka ziende huko, na usiruhusu mteja wa kadi akuamulie unene na rangi ya karatasi zako nyingine.

Ile kozi ya dola mia nne, nikikisia kutokana na jinsi nyingi za huko zinavyokuwa, utafundishwa kutumia pamba iliyokwisha kusindikwa na abaka ya kuagiza kwa posta, pamoja na mashine ile ile ambayo huna. Ukimaliza una cheti na huna malighafi. Badala yake nunua daftari moja gumu. Kila shiti ukate kipande, kibandike, pembeni uandike mmea gani, uzito ukiwa mkavu, soda kiasi gani, umepika muda gani, umeponda muda gani, ute umetia au hujatia. Daftari hilo likijaa utakuwa unajua kitu ambacho hao wa kozi hawakijui, yaani mgomba na mkonge wa Tanga unavyofanya ukiwa mikononi mwako. Mashine tuizungumzie ukifika mahali ambapo kinu kinakuchelewesha na oda unazo, au unapotaka kuingia kwenye matambara, kanga kuukuu na vipande vya mafundi cherehani, maana pamba iliyofumwa kwa kinu utazeeka hapo. Hapo fundi wa kuchomelea atakuwa na maana, na utamwambia mwenyewe ngoma ikaeje.

Shangazi. Mnunulie blenda. Kabla ya soda ash, kabla ya kinu, kabla ya fremu. Alafu muombe kona moja ya uani na mwambie saa, mfano alfajiri Jumamosi na Jumapili, na saa nne kila kitu kimetoweka na pameoshwa. Mtu mzima anavumilia mengi akijua yataisha saa ngapi. Na kwa kuwa anasoma safu hii: shikamoo shangazi, mtoto hachezi, ila blenda ni haki yako.

Ukipata shiti ya kwanza ya mgomba ichape lino kwa wino wa mafuta, nikunjie kipande utume kwa bahasha pamoja na ule ukurasa wa daftari, bila hivyo hata wino ukitambaa tena sitakuwa na la kukujibu.